Sarakasi ya familia ya kuzunguka Tabora hadi Kigoma: tuanze na hema au tuanze na nini?

MwanaIsevya (Tabora)

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Kuna kikundi cha sarakasi cha familia moja hapa Tabora, watu tisa: baba, mama, watoto wakubwa na binamu zao. Wanafanya piramidi, kuruka kupitia ndani ya pete, nguzo ya Kichina (nguzo ndefu ya wima ya kupanda), baiskeli ya tairi moja na kutembea juu ya waya. Wanataka waache kusubiri kualikwa kwenye sherehe, wazunguke wenyewe kiangazi hiki kwa Fuso la kukodi: Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma Mjini na Ujiji, kisha Kasulu na Kibondo.

Naomba wanaojua watusaidie. Familia za sarakasi za zamani huko Ulaya na Marekani zilianzaje, na vifaa vyao vilikuwa vipi? Hema la watu 200 hivi linahitaji nguzo ngapi, vigingi gani, ukizingatia ardhi ya Tabora ni kichanga? Na kwa mtaji mdogo, kitu gani kinunuliwe kwanza?

Mzee_wa_Behewa (Tabora)

Marahaba, MwanaIsevya. Nianze na historia, maana jibu la swali lako la mwisho limo humo humo.

Sarakasi ya kisasa ilianzia London mwaka 1768. Philip Astley, aliyekuwa askari wa farasi, alianza kuonyesha ufundi wa kupanda farasi akizunguka kwenye duara badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari. Farasi akikimbia kwa kuzunguka, mwendo humsukuma mpandaji upande wa nje. Mpandaji akiinamia ndani kidogo, anapata mizani na anaweza kusimama wima juu ya mgongo wa farasi. Kipimo cha duara kilikuja kutulia kwenye futi 42, karibu mita 13, na sarakasi kubwa bado zinakifuata, kwa sababu farasi aliyezoea duara la ukubwa huo hawezi kubadilishiwa hatua kila mji. Sasa shikeni hapo: mita 13 ni kipimo cha farasi. Kikundi kisicho na farasi kinafanya kila kitu ulichokitaja ndani ya duara la mita 8. Na kila mita mnayoipunguza kwenye duara, mnaipunguza pia kwenye turubai, kwenye nguzo na kwenye nafasi ya lori.

Watu wengi wanadhani sarakasi na hema vilizaliwa siku moja. Sivyo. John Bill Ricketts alipoifikisha sarakasi Philadelphia, Marekani, mwaka 1793, alionyesha ndani ya jengo. Hema la turubai liliingia huko mwaka 1825 kupitia kwa Joshuah Purdy Brown, na sababu ilikuwa biashara: miji ilikuwa midogo, watu wakishaona onyesho hawarudi, na huwezi kujenga jengo kila unapohamia. Huko Uswisi, Friedrich Knie alianza kazi mwaka 1803, na ukoo wake ukaonyesha viwanjani, juu wazi, kwa zaidi ya miaka 100. Hema walianza nalo mwaka 1919. Miaka yote hiyo walikula kwa waya na kwa ustadi.

Kwa nini kazi hii ilishikwa na familia? Kwanza, mtoto anaanza kufundishwa mapema bila ada, na siri za ufundi hazitoki nje. Pili, mishahara inabaki nyumbani. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, kila mtu ana kazi zaidi ya moja: anayeruka saa 11 ndiye aliyekata tiketi saa 10 na ndiye atakayeng'oa vigingi usiku. Ndugu watano wa Ringling walipoanzisha sarakasi yao Baraboo, Wisconsin, mwaka 1884, waligawana: Otto alishika fedha, Charles matangazo, John ratiba ya miji, Al uwanja wa maonyesho. Mwaka 1907 waliinunua Barnum & Bailey, iliyokuwa kubwa kuliko zote. Kikundi cha watu tisa kikae chini kigawane hivyo kabla ya kununua hata kamba moja.

Wanyama msiwafikirie kabisa. Ringling yenyewe iliacha tembo mwaka 2016, ikafunga mwaka 2017, ikarudi mwaka 2023 bila mnyama hata mmoja. Sisi Tanzania tumerithi njia nyingine: miaka ya 1960 serikali ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, na ufundi huo ukaendelea kufundishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo baada ya 1981. Ndiyo maana vikundi vyetu ni hodari wa nguzo, pete na piramidi, vifaa ambavyo vyote vinaingia kwenye Fuso moja na nafasi inabaki.

Kwa hiyo ushauri wangu: hema liwe la mwisho.

FundiTurubai (Mwanga, Kigoma)

Nakubaliana na Mzee, ila hesabu ya hema waipate sasa ili wasije wakauziwa turubai la harusi.

Duara la mita 8 linakwenda na hema la mviringo la mita 16. Ukitoa duara, njia na sehemu ya wasanii kubadilishia nguo, wanakaa watu 200 kwenye mabenchi. Nguzo moja katikati haifai, inaua uwanja. Weka nguzo kuu nne za mita 7, nje kidogo ya ukingo wa duara, mita 4.5 kutoka katikati, juu ziunganishwe na fremu ya chuma ya mraba. Kila nguzo iwe vipande viwili vya mita 3.5 vinavyochomekana kwa bomba la ndani lenye urefu usiopungua sentimita 50, na boliti mbili. Hapo zinalala kwenye lori bila kutokeza nyuma. Pembeni weka nguzo 24 za mita 3, karibu kila baada ya mita 2.

Turubai liwe PVC ya gramu 650 kwa mita ya mraba, ile ya malori. Paa linafika kilo 180 hadi 200, hivyo likatwe vipande vinne vinavyofungwa kwa vitanzi, kila kimoja kibebwe na watu wawili. Viungo vichomelewe kwa hewa ya moto. Ukishona kwa uzi, mvua inapita kwenye matundu ya sindano. Pamba nzito ya zamani ilikuwa na ubaridi ndani, lakini ikilowa inajikaza na kuvuta vigingi, ndiyo maana zamani walizunguka usiku kulegeza kamba. PVC haina tabia hiyo, ila saa 8 mchana ndani ni joto kali. Onyesho lianze saa 11 jioni.

Sasa upepo, maana hapa ndipo mahema yanapokufa. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, kilomita 72 kwa saa, unasukuma karibu kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa mita 16 kwa 3 unapokea kilo 1,200. Paa linanyanyuliwa pia: hata ukihesabu nusu ya nguvu hiyo kwenye mita za mraba 200, ni tani 2 na nusu kwenda juu. Upepo hautagawa mzigo sawa kwa kamba 24, kamba nane za upande upepo unakotoka ndizo zitakazobeba zaidi. Kwa makadirio, kamba moja inafika kilo 350. Kwa hiyo kila kigingi kihimili kilo 700 kabla hujaruhusu mtu kuingia. Na mkumbuke, upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne.

Nondo za milimita 16 zinazouzwa kama vigingi hazifai, zinapinda. Nendeni kwa wauza skrepa mtafute ekseli za magari zenye urefu wa mita 1. Zile zenye sahani kichwani ni nzuri zaidi, kamba haichomoki. Kigingi kipigwe mita 3 kutoka nguzo ya pembeni, kichwa kikiinama kidogo kwenda nje, mbali na hema, na kamba ifungwe chini kabisa inapogusana na ardhi. Ukiifunga sentimita 20 juu, umempa upepo wenzo wa kukinyanyua.

Kwenye mchanga kama wa Tabora kigingi kimoja hakitoshi. Piga viwili kwa mstari, cha pili nyuma ya cha kwanza kwa mita 1, kisha funga kutoka kichwa cha cha mbele kwenda mguuni mwa cha nyuma na ukaze. Usifunge kichwa kwa kichwa, haisaidii kitu. Pale mchanga ulipo mlaini kabisa, chimba mtaro wa mita 1, laza gogo la miombo la mita 1 na nusu, funga mnyororo katikati yake, fukia na ushindilie. Hilo halitoki. Kabla ya yote, vuteni vigingi vichache kwa chenbloku (kapi ya mnyororo ya kunyanyulia mizigo) yenye mizani ya kuning'inia katikati. Kikisogea kabla ya kilo 700, badilisheni mbinu. Jaribio hilo lirudiwe kila mji, na mvua ikinyesha lirudiwe palepale, kwa sababu mchanga uliolowa unaachia.

Kusimamisha kunakwenda hivi: kigingi cha katikati, kamba yenye alama tatu, mita 4.5 kwa nguzo kuu, mita 8 kwa ukingo wa hema, mita 11 kwa vigingi. Vigingi vyote vipigwe kwanza, bila kuruka hata kimoja. Nguzo kuu zisimame juu ya mbao za sentimita 50 kwa 50, la sivyo zinazama, na kila moja ivutwe na waya mbili kwenda nje. Paa lifungwe likiwa chini, kisha linyanyuliwe kwa winchi nne kwa pamoja, mtu mmoja akihesabu kwa sauti. Upande mmoja ukitangulia kwa nusu mita, vitanzi vinachanika. Kamba za pembeni zikazwe kwa jozi zinazotazamana. Katikati ya fremu wekeni kofia ndogo iliyonyanyuka, kwani paa likiwa bapa hapo maji yatatuama, na lita 500 ni nusu tani juu ya vichwa vya watu.

Matawi makubwa ya miembe yakianza kuyumba, upepo umeshafika kilomita 40 kwa saa. Simamisha onyesho, toa watu, shusha paa. Wasifungue ukuta wa upande upepo unakotoka huku wa pili umefungwa. Hema linajaa na kuondoka.

Jambo la moto siliachi. Tarehe 6 Julai 1944, hema la Ringling liliungua Hartford, Connecticut, wakafa watu wasiopungua 167. Turubai lilikuwa limepakwa nta iliyoyeyushwa kwa petroli ili lisivuje, na baadhi ya njia za kutokea zilizibwa na vichochoro vya chuma vya kupitishia wanyama. Basi msipake nta wala mafuta yoyote. Nunueni PVC isiyoshika moto, na chomeni kipande mkione: ukiondoa kiberiti, moto uzimike wenyewe. Milango iwe mitatu, kila mmoja mita 2, bila benchi mbele yake. Jenereta ikae nje, mita 10 kutoka ukutani, na petroli ya akiba isiwe karibu nayo.

BintiUjiji (Ujiji)

Mzee na Fundi, shikamooni. Mmesema vizuri, lakini bila hema kiingilio kinakusanywaje? Watu watasimama barabarani waangalie bure.

Dawa ni uzio wa turubai bila paa. Mita 60 kwa kimo cha mita 2 na nusu, nguzo kila mita 2 na nusu, kamba mbili kila nguzo, ndani na nje, na turubai libaki wazi sentimita 20 chini ili upepo upite. Uzio huo huo ndio utakuja kuwa kuta za hema baadaye, kwa hiyo ukateni kwa vipimo vya hema tangu mwanzo: mita 3 za kimo, upindo wa nusu mita ukunjwe kwa sasa. Kiangazi Tabora na Kigoma mvua ni nadra, hamtakosa paa kati ya Juni na Septemba. Pia huo ndio wakati wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wana fedha mkononi.

Mkifika Kigoma Mjini mtapata shida ya tambarare, maana hema la mita 16 na vigingi vyake linataka uwanja wa mita 25. Tafuteni huku Ujiji. Na upepo wa kusini-mashariki unaopiga ziwani kiangazi uwe mgongoni mwa watazamaji, usipige lango kuu.

Kabla ya uzio lakini, nunueni magodoro ya kuangukia. Godoro la kitandani ni hatari, mtu akitua kutoka mita 3 anagonga ardhi. Tafuteni sponji ngumu ya sentimita 10 chini na laini ya sentimita 20 juu, zote ndani ya kifuko kimoja cha turubai kilichofungwa kwa kamba. Yanapokutana magodoro mawili funikeni kwa mkeka mzito uliofungwa, pale katikati ndipo vifundo vya miguu vinapovunjika.

Karatasi: kikundi kisajiliwe BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kila wilaya muone afisa utamaduni, na polisi pamoja na zimamoto wajue siku na saa. Watoto wa shule wasipandishwe jukwaani siku za masomo, na aliye chini ya miaka 14 asihesabiwe kama mfanyakazi, Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi.

Lori lipakiwe kinyumenyume. Kinachohitajika kwanza uwanjani kiingie mwisho: nyundo, vigingi, kamba ya vipimo. Mavazi na mabenchi viwe ndani kabisa.

MwanaIsevya (Tabora)

Wakubwa, nashukuru sana. Swali la mwisho: waya wao ni wa mita 10, wanaukaza kwa winchi mpaka unyooke kabisa, lakini nguzo zinainama na klampu zinateleza. Tatizo ni waya mwembamba?

KapiNaKamba (Kaliua)

Tatizo si unene, ndugu. Wanaukaza kupita kiasi.

Mtu wa kilo 70 akisimama katikati ya waya wa mita 10, mvuto wa waya unapatikana hivi: uzito mara urefu, gawanya kwa mara nne ya kina ambacho waya umeshuka. Ukishuka sentimita 25, ni 70 mara 10, gawanya kwa 1, yaani kilo 700. Ukikazwa mpaka ushuke sentimita 10 tu, ni kilo 1,750, mtu yule yule. Akiruka, zidisha mara tatu. Wakiuacha ushuke sentimita 25 hadi 30 mtembeaji atahisi mlegeo kidogo siku za kwanza, mguu utazoea, na kila kitu kuanzia nguzo hadi kigingi kitapumua.

Waya wa chuma wa milimita 12 unatosha kwa kutembea, ila ununuliwe mpya na wenye cheti cha nguvu ya kukatika. Nguvu hiyo iwe mara 10 ya mzigo waliouhesabu, kwa sababu anayebebwa ni mtu. Waya wa winchi uliotupwa na gari la mizigo usiguswe: ukiupitisha kitambaa na kikanaswa na nyuzi zilizokatika, huo umekwisha.

Klampu zinateleza kwa sababu mbili. Ya kwanza, zimefungwa kinyume. Klampu ina tandiko lenye meno na kitanzi cha umbo la U. Tandiko likae upande wa waya unaobeba mzigo, U ibane mkia. Ukigeuza, U inauponda waya unaobeba na nguvu inapungua sana. Ya pili, ni chache. Kwa milimita 12 weka nne, umbali kati ya moja na nyingine uwe mara 6 ya unene, yaani sentimita 7. Ndani ya kitanzi weka kipande cha chuma cha mviringo kinachozuia waya usikunjike. Kaza, pandisha mzigo, kisha kaza tena, kwa kuwa waya ukivutwa unakonda na nati zinabaki zimelegea. Hiyo ya kukaza mara ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Nguzo zinainama kwa sababu waya wa nyuma una mwinuko mkali. Nguzo za mita 2, waya wa nyuma ushuke hadi ardhini mita 4 nyuma yake, usipungue hapo. Umbali huo ukiwa mita 1, waya wa nyuma unavutwa zaidi ya mara mbili ya ule wa mbele na nguzo inasukumwa chini kwenye mchanga. Kwa kila upande lizikwe lile gogo alilosema Fundi, ekseli tupu zisitumike kwa waya wa mtu.

Nguzo ya Kichina ni hivyo hivyo: mita 6, waya tatu kwa pembe sawa, kila mmoja ushike ardhi mita 4 au zaidi kutoka mguuni, na mpira unaovalishwa nguzo ukaguliwe kila onyesho, ukianza kuzunguka mkononi mpandaji atateleza.

FundiTurubai (Mwanga, Kigoma)

Naongeza moja kwa KapiNaKamba: trapezi (bembea ya sarakasi), wakija kuitaka, isitundikwe kwenye fremu ya hema kama fremu haikuhesabiwa kwa mzigo huo. Mwenye kilo 70 akibembea na kusimama ghafla anavuta kilo 350 kwa urahisi, na nguzo za hema tayari zinapambana na upepo. Watengeneze fremu yake ya miguu minne, mita 6, yenye vigingi vyake. Itatumika kwenye uzio wa wazi mwaka huu na ndani ya hema mwaka wowote watakaolipata.

MwanaIsevya (Tabora)

Nimeelewa, wakuu. Magodoro, waya mpya na klampu, kisha uzio wa mita 3. Jumamosi tunakwenda kwa wauza skrepa kutafuta ekseli, na chenbloku tunaazima kwa fundi gereji tuvute vigingi pale Isevya kwanza.